Si Maji Yaliyowaua

Liko neno moja nilisikialo mara kwa mara hapa Umwe, na sokoni Ikwiriri, na hata mlangoni pa kanisa watu watokapo katika ibada. Na kila nilisikiapo hunichoma moyo. Vikitajwa vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, mtu hutabasamu akasema, “Ah, wazee wale! Walidhani risasi zitageuka maji.” Walio karibu hucheka pamoja naye, kisha mazungumzo hugeukia bei ya mpunga. Watu maelfu kwa maelfu wamezikwa katika kicheko hicho, wala hapana aliyewasomea sala.

Leo nataka kukishitaki kicheko hicho mbele yenu. Nasema wazi tangu mwanzo, ili anayetaka kubishana nami ajue mahali pa kunishika: wengi wa waliokufa katika vita vile hawakuuawa na ujinga wao, wala hawakuuawa na maji ya Ngarambe, wala njaa yao haikuwa msiba ulioshuka kutoka mbinguni. Waliuawa na watu, kwa shauri la watu. Na sisi tuliobaki, ambao ni wajukuu wa walioponea chupuchupu, twakosa adabu tukiwacheka.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, ilianza kuwalazimisha watu wa pwani na wa kusini kulima pamba katika mashamba ya shirika, chini ya maakida na majumbe. Mtu aliacha shamba lake mwenyewe wakati wa kupalilia, akaenda kulima la serikali. Na malipo yalikuwa madogo hata wengine wakakataa kuyapokea. Mwaka 1904 huko Ngarambe, katika wilaya yetu hii ya Rufiji, alitokea Kinjikitile Ngwale, akawapa watu dawa ya maji, akawaambia kwamba wote ni wamoja. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Matumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba katika shamba la serikali, na hiyo ikawa ishara ya vita. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro.

Sasa, msomaji, iangalie sana tarehe hiyo ya mwisho. Mwenye maji alikufa vita vikiwa havijatimiza hata mwezi mmoja. Tarehe 30 Agosti mwaka uo huo wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, wakakutana na mizinga ya bombom, wakaanguka kama mabua. Je, yuko mtu mwenye akili atakayeniambia kwamba baada ya siku ile waliopona walikuwa bado wakidhani risasi ni maji? Waliona kwa macho yao. Walizika ndugu zao kwa mikono yao. Lakini vita havikwisha hata mwaka 1907, na wengi wa waliokufa walikufa katika miezi hiyo ya baadaye, dawa ilipokuwa imekwisha kudhihirika kuwa haifai. Basi ikiwa maji ndiyo yaliyowaua, mbona yaliua zaidi baada ya kuachwa kuliko yalipoaminiwa? Hesabu hiyo haikubali. Lazima tumtafute muuaji mwingine.

Naye si vigumu kuonekana, maana hakujificha, aliandika. Mwezi wa Oktoba 1905 ofisa mmoja wa jeshi la Wajerumani, Kapteni Wangenheim, aliandika ya kwamba kwa maoni yake ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya watu watii kabisa, na kwamba mapigano ya silaha peke yake yatakuwa kama tone katika bahari. Gavana Götzen alikuwa amekwisha kupeleka vikosi kusini. Vikosi vile vilipita vijijini, vikachoma nyumba, vikafungua ghala na kuchukua nafaka, na isiyochukulika vikaitia moto. Na mimea iliyokuwa mashambani ikaharibiwa kabla ya kuvunwa. Baadaye Götzen mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1909, aliandika kuwatetea walioyafanya hayo, kana kwamba kuharibu chakula cha watu ni jambo lisiloepukika katika vita vya namna hiyo.

Hesabu ya wafu ni hii. Upande wa serikali walikufa Wazungu 15, na askari na wasaidizi Waafrika 389. Upande wa wenyeji, serikali yenyewe ya Wajerumani ilikiri watu 75,000. Marehemu Dakta Gilbert Gwassa, mwana wa kusini na mwanachuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyezunguka katika nchi hizi akiwauliza wazee waliokuwa hai miaka ya 1960, alikadiria kwamba walikufa kati ya 250,000 na 300,000. Shika hesabu uitakayo kati ya hizo mbili, hata ile ndogo. Wapiganaji walikuwa sehemu tu ya watu hao. Waliobaki ni nani, kama si mama aliyekuwa akitwanga, na mtoto mgongoni, na bibi asiyeweza kukimbia? Mtoto wa miaka miwili hakunywa maji ya Ngarambe ili aende kushindana na bombom. Alikufa kwa sababu ghala la baba yake lilitiwa moto.

Hapa najua mtu ataniambia, “Mwalimu, njaa ni njaa. Huja kwa amri ya Mungu, na huku kwetu njaa si kitu kigeni.” Huo ndio uongo wa pili, nao ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa kuwa wavaa kanzu ya dini. Nawajibu kwa mambo ya kwetu wenyewe. Sisi wa bonde la Rufiji twajua njaa ya Mungu na jinsi ya kuikabili. Mto ukifurika ukachukua mpunga, hatukai na kulia. Maji yakishuka twapanda mlau katika udongo uleule uliolowa, tukavuna mahindi na kunde na maboga wakati wenzetu wa bara wanangoja mvua. Twalala madunguni kulinda shamba dhidi ya nguruwe na viboko. Mababu zetu waliishi hivyo miaka mingi, na watu wa milima ya Matumbi nao walijua kilimo vizuri. Mtu wa namna hiyo hafi kwa njaa kwa sababu ya mwaka mmoja mbaya. Ili afe, lazima umfanyie mambo matatu: umchomee akiba, umchukulie mbegu, na umfukuze shambani wakati wa kupanda. Mambo hayo yote matatu yalifanywa. Basi tusimsingizie Mwenyezi Mungu kazi ya kiberiti.

Tena sisi Wakristo hatuna udhuru wa kutojua, maana imo katika Biblia tusomayo. Funguani Kumbukumbu la Torati, mlango wa 20, mwishoni. Musa awakataza Waisraeli, wakiuzingira mji kwa vita, wasiikate miti yake ya matunda, kwa kuwa mti si mtu hata upigwe vita. Ikiwa Mungu aliona vema kuulinda mtini katika vita, atasema nini juu ya ghala la mtama lililowekewa watoto? Naye aliyeomboleza juu ya Yerusalemu alisema kwamba waliouawa kwa upanga walikuwa na nafuu kuliko waliouawa kwa njaa. Angalieni, aliwahesabu wote wawili kuwa wameuawa. Mataifa ya dunia yalichelewa sana kulifikia neno hilo: ni katika mwaka 1977 tu mkataba wa nyongeza juu ya sheria za vita ulipokataza waziwazi kuwatesa raia kwa njaa ili kuwashinda. Musa alikuwa amewatangulia kwa maelfu ya miaka.

Wala msidhani kwamba nawafanya wazee wetu malaika. Haki ina mizani yenye pande mbili. Wapiganaji wa Maji Maji nao waliteketeza Samanga, wakaua watu ambao hawakuwa askari. Tarehe 14 Agosti 1905, huko Mikukuyumbu karibu na Liwale, walimwua Askofu Cassian Spiss pamoja na mabradha wawili na masista wawili, ambao walikuwa safarini na hawakuwa na vita na mtu. Hilo lilikuwa uuaji, na wala halipunguzwi kwa kusema kwamba wauaji walikuwa wameonewa. Anayeililia njaa ya Matumbi na kuipita Mikukuyumbu bila neno, machozi yake ni ya upande mmoja.

Lakini hapo hapo nina neno kwa watu wa kanisa, nami nimo. Katika vitabu vingi vya misheni twamsoma Askofu Spiss na wenzake kwa majina yao, na kwao ndivyo ipasavyo. Lakini wale wengine, wa Matumbi na wa Ungindo na wa Ungoni, twawasoma kama nini? Kama “waasi”, au kama hesabu, au hatuwasomi kabisa. Watano wana majina, na maelfu sabini na tano hawana hata moja. Je, Baba wa mbinguni ndivyo alivyoandika katika kitabu chake? Mtaniambia, “Wale hawakubatizwa.” Nami nawauliza: yule mtu katika mfano wa Msamaria, aliyelala kando ya njia nusu mfu, aliulizwa cheti chake cha ubatizo? Wengi wa majirani zetu hapa Rufiji ni Waislamu, na wafu wale ni babu zao kama walivyo babu zetu. Kuwalilia pamoja nao ni ujirani. Na ujirani ni amri, si hisani.

Uko uongo wa tatu, nao husemwa kwa sauti ya chini. Husemwa kwamba waliopona walipona kwa sababu ya woga: walikimbia, wakajificha, wakajisalimisha, wakawatoa viongozi wao. Haya tuyatazame vizuri, maana hapa ndipo sisi wenyewe tunapoguswa. Kila mmoja wetu mwenye asili ya huku yuko hai kwa sababu kuna mtu aliyejificha.

Walijificha wapi? Katika misitu, na katika mapango ya milima ya Matumbi. Walikula nini? Walikula ndiga. Vijana wa leo wengi hawajui ndiga, kwa hiyo nitawaeleza. Ni kiazi cha porini chenye sumu. Hukatwa vipande vyembamba, hutiwa kikapuni, hulazwa katika maji yanayopita, siku baada ya siku, hata sumu ikatoka. Ndipo huanikwa na kutwangwa. Asiye na subira akala mapema, hulewa, na pengine asiamke tena. Sasa mfikirie mama aliyejificha na watoto watatu wanaolia kwa njaa, mbele yake pana kikapu cha chakula kilichomo mtoni, naye hathubutu kukigusa hata siku zitimie. Tena awanyamazisha watoto ili kilio chao kisisikiwe na kikosi kinachopita njiani. Mnamwita huyo mwoga? Mimi sijaona shujaa aliyefanya kazi ngumu kuliko hiyo. Maji ya Ngarambe hayakuzuia risasi, kweli. Lakini maji ya mto yalitoa sumu katika ndiga, na mikono ya wanawake ndiyo iliyojua siri yake, na kwa maji hayo kabila za kusini hazikutoweka. Kama twataka kukumbuka maji, tuyakumbuke na hayo.

Na waliojisalimisha, walipotakiwa kutoa silaha na wakuu wao? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliyeshiba hana ruhusa ya kumhukumu mtu aliyechagua baina ya mkuu wake na mwanawe wa mwisho. Dhambi ya uchaguzi ule namhesabia yeye aliyeuweka mbele ya mtu, si yeye aliyelazimishwa kuchagua.

Tena kupona hakukwisha siku bunduki ziliponyamaza. Waliorudi walikuta mahame. Mahali palipokuwa na mashamba paliota msitu, nao wanyama wakali wakarudi, na mbung'o nyuma yao. Sehemu kubwa ya nchi ile iliyoachwa na watu iliingizwa baadaye katika pori la wanyama la Selous, lililoanzishwa mwaka 1922. Watalii husifu ukimya wa pori lile. Hawajui kwamba sehemu ya ukimya huo ni wa vijiji. Na kabla watu hawajapata nguvu, vilikuja vita vya 1914 hata 1918. Manowari ya Königsberg ilijificha katika midomo ya mto wetu hata ilipozamishwa tarehe 11 Julai 1915, na mwaka 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yakakabiliana Rufiji, wakichukua wapagazi na chakula. Mtoto aliyeponea ndiga mwaka 1906 ndiye kijana aliyebebeshwa mzigo mwaka 1917.

Mtauliza, “Mambo haya ya kale yatusaidie nini leo?” Nitajibu mambo mawili. La kwanza, silaha ya njaa haijatupwa. Mwezi wa Agosti 1924 haukuwa mwisho wake, wala 1944. Mwezi wa Agosti 2024 wataalamu wa chakula walithibitisha njaa kuu katika kambi ya wakimbizi ya Zamzam, karibu na El Fasher katika nchi ya Sudani, ambako watu walizingirwa na vita. Anayeamini kwamba njaa ya Matumbi ilikuwa bahati mbaya, ataamini vivyo hivyo juu ya Zamzam, naye atalala usingizi mzuri.

La pili lahusu wilaya zetu hizi. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wenyeviti wa vijiji na watendaji na askari polisi waliuawa. Siku moja tu, tarehe 13 Aprili 2017, waliuawa askari polisi 8. Siku zile kila mtu alijifunza kufunga mlango mapema, na kinywa mapema zaidi. Wengi hawajakifungua hata leo. Si kazi yangu hapa kueleza habari ile yote. Nasema tu kwamba nchi iliyozoea kutowataja wafu wake wa zamani huona wepesi kutowataja wa juzi. Na jirani asiyetajwa msibani mwake huondoka na donge moyoni.

Mwaka 2023, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda wazee wetu. Ni neno jema, nami silidharau. Mtu aombaye msamaha asifukuzwe mlangoni. Kila tarehe 27 Februari taifa huwakumbuka pale Songea wale walionyongwa mwaka 1906. Lakini kamba ya Songea ilikuwa ya siku chache, na njaa ilikuwa ya miaka. Walionyongwa wana kaburi linalojulikana na mnara juu yake. Waliokufa msituni wakichimba mizizi hawana ila sisi. Msamaha ukiombwa, ni lazima pawepo mtu anayejua kinachosamehewa. Sisi tukiulizwa, tutajibu nini? Tutasimulia kichekesho cha risasi na maji?

Katika kitabu cha pili cha Samweli, mlango wa 21, yumo mwanamke aitwaye Rispa, binti Aya. Wanawe waliuawa na mizoga yao ikaachwa mlimani. Hakuwa na jeshi, wala hakuwa na neno mbele ya mfalme. Alitandika gunia juu ya mwamba akakaa, tangu mwanzo wa mavuno hata mvua iliponyesha, akawafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Mwisho mfalme alisikia, akawazika. Hiyo ndiyo kazi ninayowaomba. Walioponea vita vile wote wamekwisha kufa, lakini wajukuu wao waliolelewa magotini pao bado wapo, nao ni wazee sana. Mwendee mmoja wiki hii. Usiende na kicheko. Nenda na daftari. Muulize babu yake alijificha wapi, alikula nini, na ndugu gani hawakurudi. Andika majina, hata likiwa moja. Sisi walimu tuyasome darasani pamoja na jina la Kinjikitile. Na siku ya kuwaombea marehemu, viongozi wetu wa sala wayasome kanisani, ya waliobatizwa na ya wasiobatizwa.

Na yule jirani akitabasamu tena na kusema, “Walidhani risasi zitageuka maji,” usimpige wala usimtukane. Muulize neno moja tu: “Na aliyechoma ghala, yeye alidhani watoto watakula nini?” Kisha ungoje ajibu.

Mwalimu wenu, Umwe, Rufiji.